Jane Addams

Laura Jane Addams (Cedarville, Illinois, 6 Septemba 1860 – Chicago, 21 Mei 1935) alikuwa mwanaharakati wa huduma za jamii, mwandishi na mtetezi wa amani kutoka nchini Marekani. Pamoja na rafiki yake Ellen Gates Starr alianzisha Hull House, nyumba ya jamii katika mtaa wa wahamiaji maskini mjini Chicago. Mwaka 1931 alikuwa mwanamke wa kwanza wa Marekani kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani, akigawana tuzo hiyo na Nicholas Murray Butler.

Addams hukumbukwa hasa kwa kupigania sheria za kazi, haki ya wanawake kupiga kura na amani kati ya mataifa. Lakini kwa zaidi ya miaka 40 sehemu kubwa ya kazi yake ilifanyika kwa njia ya muziki, maigizo na michezo ya jukwaani. Katika kumbi za Hull House watu wa mataifa mengi, ambao nje walidharauliwa kwa lugha na mavazi yao, waliimba nyimbo za kwao na kuigiza hadithi za kwao mbele ya majirani.

Maisha ya awali

Jane alikuwa mtoto wa nane wa John Huy Addams na Sarah Weber. Baba yake alikuwa na kinu cha kusaga nafaka, alishughulika pia na benki, na kwa miaka mingi alikuwa seneta katika bunge la jimbo la Illinois. Alifahamiana na Abraham Lincoln, aliyekuja kuwa rais wa Marekani. Mama yake alifariki mwaka 1863, Jane alipokuwa na miaka 2 tu. Muda si mrefu baadaye mtoto huyo alipatwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo, kilichomwachia mgongo uliopinda na matatizo ya afya ya maisha yote.

Mwaka 1868 baba alioa tena. Mama wa kambo, Anna Haldeman, alipenda muziki na usomaji wa tamthilia, na mambo hayo yakaingia katika maisha ya nyumbani.

Jane alisoma katika seminari ya wasichana ya Rockford, akamaliza mwaka 1881 akiwa miongoni mwa wanafunzi bora. Mwaka huohuo baba yake alifariki ghafla. Alianza masomo ya udaktari mjini Philadelphia, lakini maumivu ya mgongo yalimlazimisha kuacha. Ikafuata miaka kadhaa ya kutojua la kufanya. Alikuwa na elimu na urithi wa kutosha, ila hakuona kazi ambayo jamii ya wakati ule ingemruhusu mwanamke wa tabaka lake kuifanya.

Safari za Ulaya

Kati ya mwaka 1883 na 1885 Addams alitembelea nchi za Ulaya kuangalia majumba ya sanaa, makanisa makuu na maonyesho ya opera, kama walivyofanya vijana wengi wa familia zenye uwezo. Usiku mmoja wa Jumamosi, katika mitaa ya mashariki ya London, aliona umati wa maskini wakishindania kwa mnada mboga zilizoanza kuoza. Picha ya mikono yao iliyonyoshwa haikumtoka akilini.

Katika safari ya pili alitazama mchezo wa kupigana na mafahali mjini Madrid, Aprili 1888. Baadaye alijionea aibu kwa jinsi alivyoketi akifurahia uzuri wa mchezo bila kuguswa na damu iliyomwagika. Aliona kwamba kupenda sanaa kunaweza kuwa kisingizio cha kutotenda lolote. Miezi michache baadaye alifika Toynbee Hall mjini London, nyumba iliyofunguliwa mwaka 1884 ambamo wasomi wa vyuo vikuu waliishi katikati ya mtaa wa maskini. Hapo alipata mfano aliokuwa akiutafuta.

Kufunguliwa kwa Hull House

Tarehe 18 Septemba 1889 Addams na Starr walihamia katika nyumba ya zamani kwenye barabara ya Halsted, upande wa magharibi wa Chicago. Nyumba hiyo ilijengwa mwaka 1856 na mfanyabiashara Charles J. Hull. Mrithi wake, Helen Culver, baadaye aliwaachia waitumie bila kodi.

Kuzunguka nyumba hiyo waliishi Waitalia, Wajerumani, Waayalandi, Wayahudi kutoka Urusi na Poland, na watu wa Bohemia. Wagiriki waliongezeka miaka iliyofuata, na katika miaka ya 1920 wakaja Wamexiko. Wengi walifanya kazi viwandani au walishona nguo kwa malipo duni katika vyumba vilevile walimolala. Taka zilijaa vichochoroni, na familia nyingi hazikuwa na maji ndani ya nyumba.

Waanzilishi walianza kwa fikra kwamba wao ndio wanaoleta sanaa kwa watu wasio nayo. Walitundika ukutani picha walizonunua Ulaya, na mojawapo ya shughuli zao za kwanza ilikuwa Starr kuwasomea majirani riwaya ya George Eliot inayohusu Italia ya kale. Mwaka 1891 lilijengwa jumba la maonyesho ya picha. Pamoja na hayo ziliongezwa shule ya chekechea, madarasa ya jioni, vilabu na chumba cha kahawa. Katika mwaka wa pili nyumba ilikuwa ikipokea watu wapatao 2,000 kila wiki.

Kwa kuishi na majirani hao, Addams alijifunza jambo ambalo hakulitarajia. Watu aliodhani wamekuja mikono mitupu walikuwa wamebeba nyimbo, ngoma, hadithi na ufundi. Walichokosa ni mahali pa kuvionyesha na watu wa kuvithamini. Tangu hapo kazi ya sanaa katika Hull House ilikwenda pande mbili: majirani walifundishwa muziki na tamthilia za Ulaya na Marekani, na wenyewe walipewa jukwaa la kufundisha wengine.

Shule ya muziki

Shule ya muziki ya Hull House ilianzishwa mwaka 1893 chini ya Eleanor Smith, mwalimu na mtunzi wa nyimbo, ambaye aliiongoza kwa zaidi ya miaka 40. Ilikuwa miongoni mwa shule za kwanza za muziki za jamii nchini Marekani. Shule ilikuwa na ngazi mbili. Watoto wachache walipewa mafunzo ya kina ya sauti na ala kwa miaka mingi. Wengine wengi waliimba katika kwaya na kuhudhuria matamasha ya wazi ya Jumapili.

Watoto hawakufundishwa kusoma noti za watunzi mashuhuri peke yake. Tangu mwanzo walihimizwa kutunga wenyewe na kuleta darasani nyimbo walizosikia nyumbani. Kwa njia hiyo walimu waliandika nyimbo za kienyeji kutoka vijiji vya Ulaya ambazo hazikuwa zimewahi kuandikwa, bali zilipokewa kwa mdomo kutoka kwa bibi hadi mjukuu. Mtoto aliyeona wimbo wa mama yake ukiandikwa na mwalimu na kuimbwa na darasa zima alipata sababu ya kuuheshimu.

Smith alitunga pia nyimbo kuhusu maisha ya mtaa wenyewe. Mkusanyo wake uliochapishwa mwaka 1915 ulikuwa na nyimbo juu ya wafanyakazi, ukiwemo mmoja wenye maneno ya mshairi wa Kiyahudi Morris Rosenfeld, ambaye mwenyewe aliwahi kufanya kazi katika karakana za ushonaji.

Katika jengo la klabu ya wavulana palikuwa na bendi ya ala za kupuliza. Karibu na mwaka 1920 aliingia humo mvulana wa familia maskini ya Kiyahudi aliyepiga klarineti. Jina lake lilikuwa Benny Goodman.

Jukwaa la mataifa mengi

Maigizo yalianza katika ukumbi wa mazoezi ya viungo. Mwaka 1899 Hull House ilipata ukumbi wake wa tamthilia. Kikundi cha watu wazima, kilichoongozwa kwa miaka mingi na Laura Dainty Pelham, kiliundwa na watu waliofanya kazi mchana na kujifunza majukumu yao usiku. Mwanzoni kiliigiza michezo mepesi, kisha kikaendelea hadi kazi za Henrik Ibsen, George Bernard Shaw na John Galsworthy. Wapenzi wa tamthilia kutoka mitaa mingine ya Chicago walianza kuja Halsted kuwatazama.

Edith de Nancrede aliwafundisha watoto na vijana kuigiza na kucheza. Vikundi vyake vilichanganya watoto wa mataifa mbalimbali, na baadhi ya vikundi vilidumu pamoja hadi wanachama wakawa watu wazima.

Mfano unaojulikana zaidi ni ule wa Wagiriki. Wengi wao walikuwa wachuuzi wa matunda na vibarua, na iliwauma kuona Wamarekani wakiwahesabu kuwa watu wajinga wasio na historia. Mwaka 1899, wakiongozwa na Mabel Hay Barrows, waliigiza katika Hull House kurudi kwa Odiseo nyumbani kwake, kwa lugha ya Kigiriki. Mwaka 1903 walirudi jukwaani na tamthilia ya Sofokle juu ya shujaa Ayaksi. Kwao hii haikuwa burudani tu. Walikuwa wakiuonyesha mji wa Chicago kwamba mchuuzi anayesukuma mkokoteni ni mrithi wa ustaarabu ambao vyuo vikuu vya nchi hiyo viliusomesha kwa heshima.

Addams alisimulia pia juu ya mchezo ulioandikwa na Mwitalia wa mtaa huo. Ulieleza jinsi vijana waliokwisha kuwa Wamarekani wanavyowafanyia jeuri wazazi wao wanaoshika desturi za kale. Wazee waliokuwa ukumbini walitokwa na machozi. Addams aliona kwamba huzuni ambayo kila mmoja alidhani ni yake peke yake ilikuwa imetamkwa hadharani, na wazee wakagundua kwamba jirani naye anaibeba.

Makumbusho ya Kazi

Suala hilo la watoto kuwaonea haya wazazi ndilo lililomfanya Addams aanzishe Makumbusho ya Kazi mwaka 1900. Siku moja alimwona mama mzee wa Kiitalia akisokota uzi kwa kijiti, kama wanawake wa kijijini kwao walivyofanya kwa karne nyingi. Addams alifikiri kwamba watoto wa mama kama huyo, waliofanya kazi kwenye mashine za viwandani, hawakujua kuwa mashine hizo zilitokana na kijiti kile. Katika makumbusho hayo wahamiaji wenyewe walisokota, walifuma na kufanya ufundi mwingine mbele ya watazamaji, na hatua za maendeleo ya kazi zikapangwa kwa mfuatano.

Msichana mmoja wa Kiitalia aliyesoma upishi katika Hull House alikuwa na desturi ya kupita mlango tofauti na mama yake, asionekane na wenzake akiwa na mwanamke aliyejifunga kitambaa kichwani na kuvaa sketi fupi za kijijini. Jioni moja aliona kundi la wageni wasomi wakimzunguka mama yake na kusifu usokotaji wake. Alipopata maelezo ya maisha ya mama yake katika kijiji alikotoka, alianza kumwona kwa jicho jingine, na hatimaye akakubali kuingia naye kwa mlango mmoja.

Sanaa na sheria za kazi

Addams hakuamini kwamba nyimbo pekee zingeweza kuwaokoa majirani zake. Shule ya muziki yenyewe ilimwonyesha. Baadhi ya wanafunzi wenye vipaji walilazimika kwenda kazini wakiwa wadogo, na nguvu zao zikaisha kabla kipaji hakijakomaa. Msichana mmoja kutoka Bohemia alikuwa na sauti nzuri. Kwa kuwa familia ilihitaji fedha, aliimba mfululizo kwa miezi sita katika kumbi za burudani hadi sauti ikaharibika. Kisha akarudi kwenye kazi yake ya awali na kufanya saa za ziada, akijaribu bila mafanikio kufikia kipato alichokuwa akikipata kwa kuimba.

Kwa hiyo Hull House ilipigania sheria pia. Mkazi wake Florence Kelley alifanya uchunguzi juu ya karakana za ushonaji, na mwaka 1893 bunge la Illinois lilipitisha sheria ya viwanda. Sheria hiyo ilikataza kuajiri viwandani watoto walio chini ya miaka 14 na kuweka kikomo cha saa 8 za kazi kwa siku kwa wanawake. Kelley akawa mkaguzi mkuu wa viwanda wa jimbo. Mwaka 1895 mahakama kuu ya Illinois ilibatilisha kikomo cha saa 8, lakini harakati ziliendelea.

Addams aliandika juu ya burudani za vijana katika kitabu kilichotoka mwaka 1909. Alieleza kwamba mji unaowatumia vijana viwandani mchana na kuwaachia wafanyabiashara wawauzie starehe usiku usishangae wakipotea. Hakutaka sinema za bei rahisi zilizovuma wakati huo zipigwe marufuku tu. Mwaka 1907 Hull House ilijaribu kwa muda kuendesha sinema yake yenyewe, yenye filamu zilizochaguliwa. Mwaka 1910 alitoa kitabu kuhusu miaka 20 ya kwanza ya Hull House, ambacho kimebaki kuwa kazi yake inayosomwa zaidi.

Lawama juu ya suala la rangi

Uwazi wa Hull House ulikuwa na mipaka. Katika miaka ya mwanzo majirani zake walikuwa hasa wahamiaji kutoka Ulaya, na Wamarekani weusi hawakushiriki sana. Addams aliwapokea viongozi wa chama cha kitaifa cha wanawake weusi mwaka 1899, jambo lisilo la kawaida wakati huo. Lakini mwaka 1901, katika makala ya kulaani mauaji ya watu weusi yaliyofanywa na makundi bila hukumu ya mahakama, aliandika kana kwamba waliouawa walikuwa na hatia ya makosa waliyosingiziwa. Ida B. Wells, mwandishi mweusi aliyeishi Chicago, alimjibu mwaka huohuo kwa takwimu kwamba wengi wa waliouawa hawakuwa hata wameshtakiwa kwa kosa la kushambulia wanawake.

Wanawake hao wawili walishirikiana pia, kwa mfano katika kupinga mpango wa kutenganisha shule za Chicago kwa misingi ya rangi. Mwaka 1909 wote wawili walikuwa miongoni mwa waliotia sahihi wito uliozaa chama cha kitaifa cha kutetea haki za watu weusi, NAACP. Hata hivyo mwaka 1912 Addams alilaumiwa tena alipounga mkono chama kipya cha Theodore Roosevelt, ambacho kilikataa kupokea wajumbe weusi kutoka majimbo ya kusini.

Amani na kukataliwa

Vita vikuu vya kwanza vya dunia vilipoanza mwaka 1914, Addams alikuwa mmoja wa wanawake walioheshimiwa kuliko wote nchini. Kwake vita hivyo vilikuwa kati ya mataifa ambayo watu wake walikaa pamoja katika ukumbi wa Hull House. Mwaka 1915 aliongoza mkutano wa kimataifa wa wanawake mjini The Hague, kisha akawatembelea viongozi wa nchi zilizokuwa vitani akiwaomba wakubali usuluhishi.

Aliporudi alihutubia katika ukumbi wa Carnegie Hall mjini New York, Julai 1915. Alieleza aliyosikia Ulaya, kwamba askari walipewa pombe kabla ya kutumwa kushambulia kwa singe. Magazeti yalimshambulia vikali kwa madai kwamba amewatukana mashujaa. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917 naye akaendelea kupinga, alipoteza marafiki na wafadhili, na baadaye serikali ilimhesabu kuwa mtu wa hatari. Mwaka 1919 alichaguliwa kuwa rais wa kwanza wa Shirikisho la Kimataifa la Wanawake kwa Amani na Uhuru.

Heshima yake ilirudi polepole. Sherehe ya kutoa Tuzo ya Nobel ilipofanyika tarehe 10 Desemba 1931, hakuweza kwenda Oslo, kwa sababu alikuwa hospitalini mjini Baltimore. Fedha za tuzo alizitoa kwa kazi ya amani.

Kifo

Jane Addams alifariki kwa saratani tarehe 21 Mei 1935 akiwa na umri wa miaka 74. Maelfu ya watu walipita kutoa heshima za mwisho katika Hull House, na ibada ya mazishi ilifanyika katika ua wa nyumba hiyo. Alizikwa Cedarville, mahali alipozaliwa.

Urithi

Benny Goodman alikuja kuwa mwanamuziki mashuhuri wa jazi. Mwaka 1938 alipiga katika Carnegie Hall, ukumbi uleule ambamo Addams alitoa hotuba iliyomletea matusi. Kwenye jukwaa walikaa wanamuziki weupe na weusi pamoja, jambo lililokuwa nadra Marekani siku hizo.

Viola Spolin alisoma katika Hull House katika miaka ya 1920 chini ya Neva Boyd, mwalimu aliyetumia michezo na ngoma za kienyeji katika kazi za jamii. Baadaye Spolin alibuni michezo ya kufundishia uigizaji, ambayo watoto wa wahamiaji waliweza kuicheza hata kama lugha zilitofautiana. Mwanawe, Paul Sills, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kikundi cha vichekesho cha The Second City mjini Chicago mwaka 1959. Mbinu za Spolin hutumiwa hadi leo katika mafunzo ya uigizaji usio na maandishi.

Hull House ilifikia kuwa na majengo 13. Katika miaka ya 1960 karibu yote yalibomolewa ili kujenga chuo kikuu cha Illinois, ingawa wakazi wa mtaa walipinga, na ukumbi wa tamthilia ulipotea pamoja nayo. Chama kilichorithi kazi za Hull House kiliendelea kutoa huduma sehemu nyingine za mji hadi mwaka 2012, kilipofungwa kwa kukosa fedha. Nyumba ya awali ya Charles Hull na jengo la ukumbi wa kulia chakula zimehifadhiwa kama makumbusho, ambayo hupokea wageni na wanafunzi.